Kigari Kilichoshindana na Tutaonana

Mboje hakuwa mtu wa maneno mengi mpaka umguse pabaya, na Flavian fundi alijaliwa kipaji cha kugusa pabaya. Ndivyo walivyopendana. Mboje alimpelekea cherehani yake iliyokwama, pale kwenye kibanda cha fundi huko Majengo, mjini Sumbawanga, Flavian akaifungua, akaisafisha, ikawa inakwenda kama maji. Angenyamaza hapo, angekuwa mtu mwema. Lakini wapi! Akasema, "Dada, hii cherehani yako ilikuwa inakula uchafu kuliko nguruwe." Mboje akamjibu kwamba nguruwe anayemwona yeye ana bisibisi mkononi. Mtaa ukacheka, fundi mwenyewe akacheka mpaka akafuta machozi, na kesho yake akaenda kushonesha suruali ambayo hakuwa na shida nayo.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, milango ya biashara imefunguliwa, na Majengo kila wiki kilishuka kitu ambacho hakuna aliyekiagiza: saa zinazoimba, viatu vya kukanyagia barafu, mashine za kukaushia nywele kwa watu wasio na umeme. Siku moja mfanyabiashara Timoth alirudi kutoka Tunduma na marobota yake, na ndani ya robota moja kukawa na kigari chekundu, urefu wake kama mkono kutoka kiwiko mpaka vidole, na rimoti yake, na makopo mawili ya mafuta. Timoth alitia betri kwenye rimoti, akabonyeza. Magurudumu yakageuka kushoto, yakageuka kulia, kigari hakikwenda popote. Akakisukuma kwa mguu, akakitukana, akampa Flavian awe amemlipa kwa redio aliyomtengenezea.

Flavian alipokifungua alipiga ukelele, Mboje akadhani amejikata. Ndani kulikuwa na injini. Injini ya kweli, bwana, yenye pistoni na kabureta na bomba la moshi, yote hiyo kubwa kama yai la kuku! Akafungua na kopo la mafuta. Yalinuka spiriti, na chini ya spiriti kulikuwa na harufu nyingine, nzito. Mboje alivuta pua mara moja tu.

"Mafuta ya nyonyo hayo," akasema. "Bibi yangu mzaa baba alikuwa anayakamua kwenye mbegu."

Flavian akamweleza kwamba injini ndogo namna ile haina oili pembeni. Oili imechanganywa humo humo kwenye mafuta. Spiriti inaungua, oili inalainisha pistoni, na ile isiyoungua inatoka kwa bomba pamoja na moshi.

"Yaani kinakula na kujipaka mafuta kwa wakati mmoja," Mboje akasema.

"Kama wewe siku ya sikukuu," akasema Flavian, na akakwepa kandambili iliyorushwa.

Mara ya kwanza kilipowaka, kwa kweli kilitia aibu. Kilitapika moshi kama jiko la kuni mbichi, kikajikokota barabarani huku kinakohoa, na akina mama wauza ulezi wakauliza kama kile ni kigari au chetezo cha padri. Flavian hakukata tamaa. Ubavuni mwa kabureta kulikuwa na skrubu ndogo ya kupimia mafuta, ukiikaza yanaingia kidogo. Akaikaza kidogo, moshi ukapungua. Akaikaza tena kidogo, sauti ikabadilika. Kila jioni alikaza kidogo, hadi siku kigari kilipoacha kukohoa kikaanza kulia kama nyigu aliyechokozwa, moshi umebaki uzi tu nyuma yake, kikapita katikati ya Majengo mbio hata mbuzi wakaruka mitaro. Watu walipiga makofi. Flavian akakimbilia kwa Mboje, akaomba rangi yake nyekundu ya kucha, akadondosha tone moja juu ya ile skrubu ili isilegee maisha yake yote.

"Injini safi haina moshi," akatangaza. Akawa anaisema kauli hiyo kila mahali, hata kwa watu waliokuja kununua chumvi tu.

Sasa, mambo yao yalikuwa yamefika mahali pa kupelekwa kwa wazee, na hapo ndipo palipokuwa na mlima. Baba yake Mboje, mzee Shigela, alikuwa Msukuma wa Mtowisa, huko bondeni Rukwa, aliyehamia na ng'ombe wake kutoka kwao zamani. Alimruhusu binti yake apande Sumbawanga kwa shangazi yake ajifunze ushonaji, kwa sharti kwamba akijua atarudi. Mboje alikuwa amejua siku nyingi na harudi. Tena leo aambiwe kuna Mfipa, fundi wa redio, asiye na hata ndama!

Na Shigela hakuwa mtu wa kuombwa kitu hivi hivi. Ujanani alikuwa manju, kiongozi wa ngoma, na mtu aliyewahi kuwa manju haachi kushindana hata akizeeka. Ngoma za kwao si za kuchezeana kwa upole. Makundi mawili yanasimama uwanja mmoja, kila moja na ngoma zake, na hakuna jaji wala filimbi. Watazamaji wenyewe ndio wanaoamua. Kundi linalowavuta watu wahame kutoka upande wa wenzao ndilo limeshinda, basi, hakuna kukata rufaa. Shigela aliwahi kuwahamisha watu mpaka mpinzani wake akabaki na mpiga ngoma wake na mke wake. Habari hiyo Mboje aliisikia utotoni mara nyingi kuliko sala.

Kwa hiyo Eustaki, baba mkubwa wa Flavian, alipotuma salamu za kuomba nafasi, jibu lilipanda na dereva wa lori la mpunga. "Nimesikia kijana ana kigari kinachokimbia bila mtu. Mimi nina mbwa. Siku ya mnada waje, tuwashindanishe. Kigari kikishinda, nitakaa na wazee wake. Kikishindwa, Mboje anabaki nyumbani, na cherehani yake itamfuata."

Mboje aliposikia, aliweka sindano chini. Alimjua baba yake, na alimjua yule mbwa. Aliitwa Tutaonana, na sungura wengi walikuwa wameonana naye.

"Usiwe na wasiwasi," Flavian akamwambia. "Mbwa wenu hajawahi kuona injini safi."

"Flavian, nakuomba kitu kimoja. Ukifika kwetu, usiongee sana."

"Mimi? Mimi naongea sana?"

Walishuka na lori, wote watatu. Mzee Eustaki alivaa koti lake zito la kwendea misa, maana alitoka Sumbawanga asubuhi na baridi ile ya kung'ata masikio. Kadiri lori lilivyoteremka milima, likiyumba kwenye mawe, ndivyo joto lilivyowapanda. Mzee akafungua kifungo kimoja, akafungua cha pili, lakini koti hakulivua, kwa sababu mshenga hawezi kufika ukweni na shati tu. Mboje ndiye aliyekuwa anavuta pumzi kwa raha. Miaka yote aliyokaa juu kifua chake hakijazoea. Akipanda ngazi za kanisa anahema, na maharage yanamchosha jikoni mpaka analia. Huku bondeni hewa ilimjaa kifuani kama amekunywa uji.

Walifika jua linazama. Mboje akapiga magoti, akamwamkia baba yake Kisukuma, akapokewa. Flavian akasema, "Shikamoo baba," akaitikiwa, akapewa kigoda kando ya moto wa wanaume. Ule moto wa samadi hauwaki, unafuka tu, moshi mzito wa kufukuza mbu na nzi wa ng'ombe, na kigoda cha mgeni kilikuwa pale pale moshi unapoelekea. Shigela alikuwa amemlaza Tutaonana miguuni, anamkagua kupe. Alikuwa na kibuyu kidogo cha mafuta. Kila akitoa kupe, anapaka masikio ya mbwa kwa kidole gumba, taratibu, na mbwa amefumba macho kwa utamu.

Maongezi yalikuwa yanakwenda vizuri. Mvua zimezungumzwa, ng'ombe wamezungumzwa, mzee Eustaki ameloa jasho kwa heshima kubwa. Ndipo moshi ukamwingia Flavian machoni na kooni. Akakohoa, akafuta machozi, na badala ya kunyamaza kama alivyoombwa, akasema, "Baba, kwetu fundi mzuri anajulikana kwa moshi. Chombo kikitoa moshi, ujue kimemshinda mwenyewe. Kigari changu kesho utakiona, hakina moshi hata kidogo."

Mboje, aliyekuwa anasogeza maji ya kunawa, alitamani ardhi ipasuke.

"Huku kwetu," Shigela akasema bila kuinua macho kwenye sikio la mbwa, "nyumba ikikosa moshi, tunakwenda kuuliza nani amekufa."

Mzee Eustaki alimfinya Flavian kwenye paja, lakini alikuwa amechelewa kama anayefunga zizi ng'ombe wameshatoka.

Asubuhi Mboje na Flavian walikwenda nyuma ya zizi kukijaribu kigari kabla ya watu kujaa mnadani. Mafuta yalibaki kidogo, kopo moja lilikuwa tupu kabisa, na Rukwa nzima hapakuwa na mahali pa kupata mengine. Flavian akapasha moto plagi kwa betri, akavuta kamba, kigari kikalia. Kikaruka mbele kwa mlio mkali kuliko wa Sumbawanga, bila moshi kabisa, hata ule uzi haupo. Flavian akafurahi. Hakijafika mbali kikakata, kama mtu aliyezibwa mdomo. Flavian alikigusa kichwa cha injini akaunguza kidole. Mboje akatema mate juu ya injini, mate yakaruka.

"Kimechafuka," Flavian akasema. Akatoa wembe, akakwangua ile rangi ya kucha, akaikaza skrubu kidogo. Ndiyo dawa aliyoijua. Juu kule, kila alipokaza mambo yalikuwa mazuri, sasa kwa nini asikaze? Kigari kikawaka, kikapiga kelele ya uchungu, kikafa karibu zaidi ya pale kilipofia mwanzo. Kikatoa harufu ya kitu kinachoungua.

Flavian akakaa chini kwenye samadi. "Kimekufa, Mboje. Nimekuja kukuacha hapa kwa mikono yangu mwenyewe."

Mboje naye alikuwa na hofu, hofu ya kweli ya kupeleka maji zizini siku zote za maisha yake huku akimkumbuka mpumbavu mmoja wa Majengo. Lakini hofu kwake ilikuwa inageuka hasira, na hasira inageuka akili. Akachuchumaa, akakitazama kigari.

"Kaza tena nikuone," akasema. "Unakinyima chakula mpaka kinakufa, halafu dawa yako ni kukinyima zaidi."

"Juu nilikaza kikapona."

"Juu ni juu! Flavian, mimi nimepika huku, nimepika na kule kwenu. Kule hewa nyepesi, moto unavuta pumzi kidogo, ndiyo maana maharage hayaivi na mimi nahema kama mbwa. Kigari nacho kilikuwa kinahema hivyo hivyo, chakula kingi, hewa kidogo, kikabaki kinatapika moshi. Ukakipunguzia, kikapona. Sasa umekileta huku kwenye hewa ya kushiba. Jiko likipigwa na upepo si linamaliza mkaa haraka? Hewa ikizidi, ongeza mkaa. Legeza hiyo skrubu."

Flavian akatazama skrubu. Alikuwa ameelewa, Mboje aliliona hilo usoni mwake, na aliona pia kilichomzuia.

"Kitatoa moshi," akasema kwa sauti ndogo. "Na jana nimesema mbele ya baba yako..."

"Jana ulisema ujinga. Unataka kuoa, au unataka ujinga wako uheshimiwe?"

Flavian akacheka, hata pale kwenye samadi akacheka, akachukua bisibisi. Akalegeza, akalegeza tena. Mafuta yaliyobaki yalitosha mbio moja, basi hawakujaribu tena.

Uwanja wa mnada ulikuwa umekanyagwa na kwato ukawa mgumu kama sakafu. Wachungaji, wauza ng'ombe, wauza vitumbua, wote waliacha shughuli zao wakajipanga pande mbili. Kijana mmoja akamshika Tutaonana mwanzoni, jirani na Flavian. Shigela akaenda kusimama kwenye uzio wa upande wa pili amwite mbwa wake kwa mluzi, na Mboje akasimama karibu naye, mikono ameifumba ndani ya kanga. Upepo ulikuwa unavuma kutoka kule mwanzoni, unawapiga usoni.

Flavian akavuta kamba. Kigari kikawaka, na loo! Likafuka wingu la buluu, watu wa karibu wakarudi nyuma wanapunga mikono.

"Lori la mkaa hilo!" mmoja akapaza sauti. Uwanja ukaangua kicheko. Mboje aliona kwa mbali Flavian ameinamisha kichwa, lakini skrubu hakuigusa, na moyo wake ukampenda kwa hilo kuliko kwa jambo lolote aliloweza kulifanya vizuri.

Shigela akapiga mluzi. Tutaonana akafyatuka. Jamani, mbwa yule! Kigari kilikuwa bado kinakohoa pale pale, yeye ameshakula robo ya uwanja, tumbo linagusa vumbi. Kikaanza kuchanganya, sauti ikapanda kutoka kwenye kikohozi ikawa mlio, kikaja, lakini nafasi ilikuwa kubwa mno. Mbwa alifika katikati. Mboje akafumba macho, akaona cherehani inashuka mlimani juu ya lori la chumvi.

Akafumbua kwa sababu kicheko kilibadilika.

Upepo ulikuwa umeubeba moshi wa kigari ukawa unakitangulia. Ukampita Tutaonana. Mbwa akapunguza mwendo. Akainua pua. Mluzi ukalia tena, hakuusikia, maana mbele yake ulikuwepo mluzi tu, ila nyuma yake kulikuwa na kidole gumba cha bwana wake, masikio, utamu wa jioni. Akageuka! Akarudi mbio kukilaki kigari, akakizunguka, akaweka pua nyuma ya bomba, na kuanzia hapo akawa anakisindikiza kama bibi harusi, mkia unapiga huku na huku. Shigela alipiga mluzi mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Kigari kikafika kwenye uzio kwanza, kinafuka, na mbwa nyuma yake anapiga chafya kwa furaha. Mafuta yakaisha hapo hapo.

Kelele! "Mbwa amerogwa!" "Hiyo ni dawa ya Sumbawanga!" "Hakushindwa, amegeuka mwenyewe, warudie!" Mzee Eustaki alisimama katikati yao na koti lake akiapa kwa watakatifu wote kwamba wao hawana dawa, wana rozari tu. Warudie vipi, na kopo ni tupu? Mboje alimtazama baba yake.

Shigela alikuwa amechuchumaa. Akapitisha kidole ndani ya bomba la moshi lililokuwa bado la moto, kikatoka na mafuta meusi. Akanusa. Akanusa kiganja chake cha mkono wa pili, kile alichompakia mbwa jana. Akanusa tena bomba, safari hii kwa muda mrefu.

"Nyonyo," akasema. "Mama yangu alikuwa anatupaka hii siku ya ngoma. Mnatoka mnang'aa, vumbi likipanda harufu inafika kabla yenu."

Kisha akainuka, akageukia wale waliokuwa wanapiga kelele, na sauti yake ya manju ikatoka kama haijawahi kuzeeka.

"Nyamazeni! Mnanifundisha mimi kushindana? Ngoma inaamuliwaje? Si kwa watu kuhama? Mimi nilikuwa naita, kigari kilikuwa kinaita. Mbwa wangu, niliyemlisha kwa mkono huu, amehama." Akamtazama Mboje. Macho yake yalikuwa yanacheka, ila si macho yote mawili. "Na binti yangu alishahama siku nyingi, nilikuwa nakataa kuhesabu tu. Sasa nibaki uwanjani napigia ngoma nani?"

Mboje akapiga magoti pale pale vumbini, akashika miguu ya baba yake, akalia na kucheka, hakujua kipi kilitangulia. Shigela akamwinua. "Mzee," akamwambia Eustaki, "vua hilo koti ufe siku nyingine. Njoo tukae."

Flavian alifika anahema, rimoti bado mkononi. Shigela akamkazia jicho.

"Wewe jana ulisema chombo cha moshi kimemshinda mwenyewe."

"Nilisema ujinga, baba."

"Nani kakwambia ni ujinga?"

"Mboje."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akaridhika. "Basi utaishi. Lakini nikipanda Sumbawanga kuwatembelea, nisikie harufu ya moshi kwenu kabla sijauona mlango. Nikikosa, namchukua."

Wazee wakaenda kukaa. Flavian akaketi juu ya gogo la uzio, kigari mapajani, akaitazama skrubu yake na mabaki mekundu ya rangi. "Naomba ile rangi yako," akamwambia Mboje. "Niigandishe kabla ya safari."

"Ili tukifika juu kianze tena kukohoa? Kila mahali na kipimo chake, wewe mtu hufundishiki!" Mboje akatoa kichupa kwenye kanga, akaketi kando yake, akakifungua, akaanza kupaka kucha zake mwenyewe, moja moja, bila haraka. Tutaonana alikuja akajilaza kati yao, pua kwenye bomba.